Tunamshukuru nani, na kwa lipi? Ufafanuzi wa neno la kila asubuhi

Msalimie mtu yeyote asubuhi kwenye kituo cha daladala hapa Nkuhungu, mjini Dodoma, umwulize habari za nyumbani, na jibu utakalolipata karibu kila mara ni "Tunamshukuru Mungu." Hulitoa jibu hilo aliyeingiziwa mshahara jana, hulitoa aliyekesha hospitalini na mgonjwa, na hulitoa yule ambaye wiki iliyopita tu alitoka kuzika. Neno hilohilo limekwisha kumfikia kwenye simu kabla jua halijachomoza, limeandikwa juu ya picha ya kikombe cha chai na maua, pamoja na ahadi kwamba anayeshukuru hufunguliwa milango. Kisha mchana, katika ofisi ambayo sitaitaja, mfanyakazi anayeuliza malipo yake ya saa za ziada anaambiwa, mbele ya wenzake, kwamba watu wa siku hizi hawana shukrani.

Neno moja, basi, linafanya kazi ya salamu, ya ahadi ya mafanikio na ya kemeo. Ndiyo maana watu wawili wakibishana juu ya shukrani, mmoja akisema inaujenga moyo na mwingine akisema inawafanya wanyonge wasidai haki zao, kila mmoja huwa na ushahidi wake mkononi. Wanabishana juu ya vitu viwili vilivyopewa jina moja.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa yanatusaidia kuliko tunavyodhani. "Asante" tumeipata kutoka Kiarabu, ambako "ahsanta" maana yake ni "umefanya vyema". Wako wanaoiandika "ahsante" mpaka leo, wakiihifadhi ile h. Kwa hiyo anayesema asante, kwa asili ya neno, hasemi lolote juu ya furaha yake mwenyewe, anatoa ushuhuda juu ya kitendo cha mwenzake. "Kushukuru" nako kumetoka hukohuko, lakini katika sarufi yetu kitenzi hiki hutafuta mtu. Twasema "namshukuru", "nakushukuru", "tunawashukuru", na mtu akisema "nashukuru" akaishia hapo, sikio la msikilizaji huijaza nafasi iliyobaki wazi, ama kwa Mungu ama kwa huyo anayeambiwa. Furaha haina haja hiyo. Unaweza kufurahi peke yako chini ya mbuyu na sentensi ikawa imekamilika.

Robert Emmons, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, ambaye ameichunguza shukrani kwa miaka mingi, anaieleza kwa hatua mbili zinazokaribiana sana na sarufi hiyo. Ya kwanza ni kukiri kwamba kuna jema lililonifikia. Ya pili ni kutambua kwamba jema hilo, lote au sehemu yake, limetoka nje yangu: kwa watu, kwa Mungu kwa wanaomwamini, au kwa hali ambazo sikuzitengeneza mimi. Aliyeishia kwenye hatua ya kwanza amefurahi, au amejivunia, na hakuna ubaya katika hilo. Hatua ya pili ndiyo inayoigeuza furaha kuwa shukrani, na ndiyo tunayoiruka.

Chukua ndoo ya maji ya lita 20. Dodoma ni nchi kavu: mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi. Maji ya mjini kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 midomo inayoyasubiri imeongezeka haraka kuliko mabomba. Mitaa mingi hupata maji kwa mgao. Ndoo ikijaa, hatua ya kwanza ni nyepesi: maji yametoka, afadhali. Hatua ya pili inamtaka mtu akae kidogo na ile ndoo. Yuko aliyekesha kwenye pampu. Yuko fundi aliyeshinda ndani ya shimo akiunga bomba lililokatwa na greda. Yuko jirani aliyetoa mpira wake upite uani kwangu. Wengi wao hawakunikusudia mimi, wala hawanijui, na bado kazi ya mikono yao imefika jikoni kwangu.

Kwa nini basi jambo rahisi hivi linatushinda? Sababu ya kwanza ni mazoea. Treni ya mwendokasi ilipoanza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam mwezi Julai 2024, safari iliyokuwa ikimla abiria wa basi siku nzima ikawa ya takribani saa nne. Mara ya kwanza nilipoipanda nilipiga simu kwa watu watatu kabla ya kufika Morogoro. Mara ya nne nilisinzia Pugu nikaamka Dodoma, na nilichokikumbuka tu ni kwamba jirani yangu wa kiti alikuwa akiongea na simu kwa sauti. Treni haikubadilika, macho yangu ndiyo yaliyochoka kuiona. Wataalamu wa saikolojia wameliandika jambo hili tangu miaka ya 1970: binadamu huyazoea mema, hata makubwa, mpaka yakawa sehemu ya ukuta.

Sababu ya pili ni kwamba akili hulipatia jambo baya uzito zaidi kuliko jema la kimo kilekile. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi juu ya hisia, ndoa, malezi na kumbukumbu, wakaona mwelekeo huo karibu kila walipogusa. Wenyeji wa Dodoma hatuhitaji kwenda mbali kuuelewa. Anayelinda shamba la uwele au mtama wakati wa kukomaa, akiwa juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia, hahesabu masuke yaliyosimama. Anawaangalia kwelea kwelea, ndege walao nafaka. Akiacha kuwaangalia ili afurahie masuke, jioni hatakuwa na masuke ya kufurahia. Akili zetu zimekaa juu ya dungu hilo muda wote, na shamba limesalimika kwa sababu hiyo, kwa hiyo mtu asijilaumu kwamba ana roho mbaya eti kwa kuwa kero moja imemfutia mema sita. Ila msimu wa kulinda nao huisha, na mlinzi asiyeshuka kwenye dungu hata baada ya mavuno ana tatizo.

Hapo ndipo lilipoingia zoezi la kuandika shukrani, ambalo leo limegeuzwa kuwa ujumbe wa maua. Mwaka 2003, Emmons na mwanasaikolojia mwenzake Michael McCullough walichapisha matokeo ya majaribio yao. Katika jaribio mojawapo, wanafunzi wa chuo waligawanywa makundi matatu, na mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, kundi la kwanza liliandika mambo yasiyozidi matano ambayo walikuwa na shukrani nayo, la pili likaandika kero, la tatu likaandika matukio ya kawaida tu. Wale wa kundi la kwanza waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi, wakawa na matumaini zaidi na wiki inayofuata, na hata mazoezi ya mwili wakafanya zaidi kuliko kundi la kero. Matokeo ni ya kweli, lakini ni ya kiasi. Hakuna aliyefunguliwa mlango wa utajiri.

Nililijaribu zoezi hilo mwenyewe, kwenye kaunta buku lililobaki na kurasa nyeupe baada ya mtoto kufunga shule. Siku ya kwanza niliandika: uhai, afya, familia. Siku ya pili niliandika uhai, afya, familia, kazi. Siku ya tatu niliona aibu kuandika tena maneno yaleyale, nikalifunga daftari na kujisemea kwamba mambo haya ni ya watu wenye nafasi. Usiku wa siku ya nne, saa tisa, nilisikia dirisha likigongwa kwa kitu cha chuma. Alikuwa jirani yangu, mama mwenye genge pale kona, anagonga nondo kwa kijiko. "Kaka, maji yametoka, amka yasikupite." Nilitoka na kanga ya mke wangu begani kwa sababu ya baridi ya Juni, nikafungua bomba, nikajaza pipa, ndoo nne na masufuria mawili. Yalikata kabla ya saa kumi na moja.

Asubuhi niliandika hilo tu, sentensi mbili, na kwa mara ya kwanza ukurasa ulikuwa na mtu ndani yake. "Afya" ni neno lisilo na uso. Mama aliyekatisha usingizi wake, akavuka uchochoro gizani na kijiko mkononi, ana uso, na alikuwa na hiari ya kulala. Tangu hapo sikukosa la kuandika, kwa sababu swali lilibadilika. Badala ya kujiuliza nina baraka gani, nilijiuliza leo kimenifikia nini kilichopitia mkono wa mtu, na mkono wa nani. Konda aliyenishikia mzigo. Kijana wa chipsi aliyenirudishia chenji niliyoisahau. Yule aliyeziba shimo la barabara ya mtaani kwa kifusi chake mwenyewe, ambaye mpaka leo simjui.

Watu wanaotafuta hamasa ya kila siku wanakosea hapo, kwa maoni yangu: wanangoja jambo kubwa liwaguse, ilhali kinachotakiwa ni kulitazama jambo dogo mpaka mkono uliolileta uonekane. Wala haihitaji kila siku. Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwapa watu zoezi kama hilo kwa wiki sita, wengine mara moja kwa wiki, wengine mara tatu, na walionufaika ni wale wa mara moja. Yaelekea waliolirudia mno lilikwisha kuwa mazoea kama treni yangu. Iko pia njia ya kuliondoa jema kichwani kwa muda. Jaribio la mwaka 2008 lilionyesha kwamba watu waliofikiri jinsi jambo jema lingeweza kutotokea kabisa walijisikia vizuri kuliko waliofikiri tu kwamba lilitokea. Kwangu mimi hesabu ni fupi: kama jirani angelala, ningenunua ndoo sita kwa mwenye mkokoteni.

Sasa tuje kwenye dhana zinazolivuruga neno hili. Ya kwanza ni ile ya "shukuru, wenzako hawana hata hicho." Wengi tumelelewa nayo, na iliyosemwa na bibi ilikuwa na nia njema, ya kumfundisha mtoto asitupe ugali. Lakini itazame kwa karibu. Haina mtu wa kumshukuru. Ina mtu wa kujilinganisha naye, na faraja yake inasimama juu ya shida ya mwingine. Siku mwenzako atakapopata, faraja yako itapungua. Emmons na McCullough waliliweka na hilo kwenye mizani: katika jaribio lao la pili kundi moja liliorodhesha namna walivyo na nafuu kuliko wengine, na walioandika shukrani ndio waliosema zaidi kwamba katika siku hizo wamemsaidia mtu mwenye tatizo au kumpa pole. Anayeona mikono iliyomfikia huikumbuka na mikono yake.

Dhana ya pili inachanganya kushukuru na kuridhika. Aliyeridhika anasema inatosha. Anayeshukuru anasema hiki kimenifikia, nami nakitambua, na hajasema lolote juu ya kile ambacho hakijamfikia. Yule mfanyakazi wa saa za ziada aweza kabisa kumshukuru mkuu wake kwa kumfundisha kazi, na palepale akamdai malipo aliyoyafanyia kazi, kwa kuwa malipo ni makubaliano na ufundishaji ulikuwa wema. Kumwita mdai haki kuwa hana shukrani ni kuchukua deni lako na kulivisha kanzu ya fadhila.

Hapa Kiswahili kina neno ambalo lugha nyingi zingelitamani: masimango. Anayesimanga ametenda wema kweli, lakini anaurudisha mezani kila mara, "mimi ndiye niliyekulea, mimi ndiye niliyekutoa kijijini," mpaka mpokeaji anatamani asingepokea. Wema wa namna hiyo umekwisha kuwa mkopo usio na tarehe ya mwisho. Wanaosema kwamba shukrani ni utumwa mara nyingi wameumizwa na masimango, na wana haki ya kuyachukia. Tofauti inajulikana kwa jinsi mtu anavyojisikia anapomwona mfadhili wake akija njiani: mwenye shukrani hupunguza mwendo ili wakutane, na mwenye deni la masimango hutafuta uchochoro. Methali ya tenda wema uende zako inamhusu mtoaji. Mpokeaji yeye hakuambiwa aende zake.

Dhana ya tatu ni nzito zaidi kwa sababu imevaa dini. Mtu akilalamika huambiwa "usikufuru", na neno hilo halikuja bure: katika Kiarabu, kufuru hubeba maana ya kutoamini na pia ya kukana neema, na Kurani, katika sura ya Ibrahim, aya ya 7, inaweka kushukuru na kukufuru kama pande mbili zinazopingana. Lakini kulalamika ni kitu kingine. Katika Kurani hiyohiyo, Nabii Yakubu anasema waziwazi kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko na huzuni yake, na hakuna anayemwita mkufuru. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu atasahau hata lini, na inaisha kwa kumwimbia. Malalamiko na shukrani zimekaa katika zaburi moja yenye aya sita.

Kuhusu maneno ya Paulo kwa Wathesalonike, "shukuruni kwa kila jambo", yamewatesa waumini wengi wanaodhani wanatakiwa kushukuru kwa ajili ya ajali, ukame au msiba. Kigiriki cha waraka ule kinatumia kiungo chenye maana ya "katika": katika kila hali, shukuruni. Ni tofauti ya kiungo kimoja. Hata hivyo anayetaka kuielewa bila Kigiriki aende kwenye mazishi yoyote ya kwetu akae mpaka mwisho.

Baada ya udongo kurudishwa na mashada kuwekwa, ratiba huwa na kipengele kinachoitwa neno la shukrani kutoka kwa familia. Husimama mjomba au kaka mkubwa, macho mekundu, karatasi imekunjwa mara nne mkononi. Hashukuru kwa kifo, wala hakuna anayemtarajia afanye hivyo. Anawashukuru vijana waliochimba kaburi tangu alfajiri, na ardhi ya huku mwezi Septemba ni kama saruji, sururu hurudi juu yenyewe. Anawashukuru akina mama waliopika kwa masufuria ya kuazima, waliokesha na wafiwa, waliochanga, waliotoa gari, daktari na wauguzi waliomhudumia marehemu. Kisha huongeza ile sentensi inayorudiwa kila msiba, kwamba tuliowasahau mtusamehe, kwa kuwa mikono ilikuwa mingi. Nimeisikia labda mara hamsini, na ndilo fafanuo bora la shukrani ninalolijua: aliyepoteza anasimama kutaja waliokuja.

Jambo moja niliseme kwa ufupi ili lisipotoshwe. Zoezi la kuandika shukrani halitibu sonona wala wasiwasi mkubwa. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2020 uliona kwamba athari yake kwa maradhi hayo ni ndogo. Mtu asiyelala wiki ya tatu, asiyekula, anayetamani asingekuwepo, anahitaji kupelekwa hospitali, na kumwambia ashukuru ni kumwongezea hatia juu ya ugonjwa.

Limebaki la kusema asante yenyewe, kwa mdomo. Mwaka 2018 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha majaribio ambamo watu waliandika barua za shukrani na kubashiri wapokeaji watajisikiaje. Waandishi walidhani barua itamtia mpokeaji aibu kuliko ilivyokuwa kweli, na walipunja furaha atakayoipata. Nilikuwa nimelisoma hilo, na bado nilikaa siku nne nikipita mbele ya genge la jirani bila kusema kitu, nikijiambia kwamba ni jambo dogo, atanishangaa, mke wangu amekwisha kumsalimia.

Siku ya tano nilikwenda kununua bamia. Alikuwa akifunga mafungu ya mchicha kwa uzi wa katani.

"Mama, ile siku ya maji, asante sana kwa kunigongea."

Akaacha uzi. "Kumbe! Mimi nikajua nimekukera, kaka. Ulivyotoka na ule uso, nikasema huyu sitamgongea tena."

Nikamwambia ule ulikuwa usingizi. Akacheka mpaka akaegemea nguzo, akaweka bamia tatu za nyongeza juu ya fungu langu, kisha akashusha sauti kama mtu mwenye habari za ndani. "Kesho zamu yetu, ila wanasema yatatoka usiku. Nigonge na kijiko, au utaniachia namba ya simu?"